Mjadala: Simu za kibodi ya kuslaidi zikirudi, tudai zije na nini?

Mleta mada

Wakuu, mada hii kila ikiletwa huishia kwenye kusifia simu za zamani, kisha watu wanatawanyika. Naomba safari hii twende mbele. Kampuni ikikubali leo kutengeneza simu janja yenye kibodi ya vitufe inayochomoka chini ya kioo, tuidai iwe na nini? Na wanaosema zama zake zimepita, hoja yao ina uzito gani?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Naamini simu hizi ziliangushwa na namna zilivyoundwa kuliko zilivyoangushwa na kioo cha kugusa. Zilikuwa na sehemu inayotembea ambayo ikichoka haibadilishiki kirahisi, na nyingi zilikuwa na programu iliyofungwa ambayo kampuni ikiitelekeza, simu nayo inakwisha. Kwa hiyo kabla sijazungumzia kamera, wembamba au hata idadi ya vitufe, nadai spea na nadai mfumo uliofunguliwa.

Tukumbuke kwamba Android yenyewe ilizaliwa na kibodi hii. HTC Dream ya 2008, simu ya kwanza ya Android kuuzwa, ilitoka bila kibodi ya kwenye kioo kabisa. Hiyo ililetwa na Android 1.5 mwaka 2009. Ulipotaka kuandika ulisukuma kioo, kikazunguka kidogo kwa upinde, vitufe vikatokea. Mwaka uleule wa 2009 zikaja Motorola Droid na Nokia N900. Mwanzoni mwa 2012 Droid 4 ikaja na safu tano za vitufe, namba zikiwa na safu yao juu, na taa inayozunguka kila kitufe. Kwangu mimi ile ndiyo kibodi bora kuwahi kuwekwa kwenye simu ya aina hii, na inauma kwamba mfululizo wa Droid zenye kibodi uliishia pale.

Wengi wanarudia maneno ya Steve Jobs ya Januari 2007, alipoitambulisha iPhone na kuzilaumu simu za wakati ule kwa kuwa vitufe vyake vya plastiki viko palepale, uwe unavihitaji au huvihitaji. Kwa simu alizozionyesha siku ile alisema kweli. Lakini lawama hiyo haiigusi kibodi ya kuslaidi. Hii ukiihitaji unaivuta, usipoihitaji imejificha, na kioo chote ni chako muda wote. Kibodi ya kwenye kioo ndiyo inayokula kioo. Laza simu ujibu barua ndefu, uone: zaidi ya nusu inafunikwa na herufi, umebakiwa na mistari miwili mitatu ya kile unachokiandika.

Kuna hili pia, linalotugusa sisi tunaoandika lugha zinazobeba sentensi nzima ndani ya kitenzi kimoja. Kibodi ya kioo inafanya kazi kwa kukisia: kidole kinagusa eneo, programu inabashiri ulikusudia nini. Kamusi yake ikiwa na maneno machache ya lugha yako, "hawakutuelekeza" inageuzwa kuwa kitu kisichoeleweka, na wewe umeshatuma. Kitufe kinachobonyea kinaandika herufi uliyoibonyeza, basi.

Sasa madai yangu. Kibodi iwe ya kulaza, yenye safu tano, namba zikiwa na safu yake. Kitufe cha nafasi kiwe katikati, si kusukumwa pembeni. Ctrl, Esc, Tab na mishale minne iwepo, maana wanaoingia kwenye seva, yaani kompyuta za mbali, kwa simu wanateseka kutafuta vitufe hivyo kwenye kioo. Vitufe vitengane kidogo na vivimbe katikati ili kidole gumba kijue kilipo. Kioo kikishafunguka kisitikisike. Betri ifunguliwe kwa skrubu.

Na kibodi yenyewe pamoja na utepe wa waya unaoiunganisha na kioo viuzwe kama spea. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1670, iliyoanza kutumika 20 Juni 2025, inawataka watengenezaji wa simu kuweka spea muhimu kwa miaka 7 baada ya simu kuacha kuuzwa, na kutoa masasisho ya mfumo kwa miaka 5. Msingi wa kudai tayari upo. Tunachokosa ni kampuni ya kuutumia kwa simu ya aina hii.

Karibuni. Wanaopinga pia, tena hao hasa.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, heshima yako, lakini mimi napinga. Soko lilishasema, na lilisema zaidi ya mara moja. BlackBerry Priv ilikuja 2015 na kibodi ya kuslaidi, ina Android, ina kioo kizuri, haikuiokoa kampuni. Kampuni ndogo ya F(x)tec ilikuja na Pro1 mwaka 2019, kibodi ya safu tano kama unavyotaka. Toleo lililofuata, Pro1-X, lilichangiwa fedha na wanunuzi kuanzia 2020, likaanza kuwafikia 2022, tena likiwa na prosesa ya Snapdragon 662 badala ya 835 iliyoahidiwa, kwa sababu 835 hazikupatikana tena. Kampuni ndogo inakaa nyuma ya foleni ya vipuri, na mnunuzi ndiye anayelipia kusubiri huko.

Halafu umelikwepa tatizo kubwa kuliko yote, lugha. Kioo kimoja kinaandika Kiarabu, Kirusi, Kifaransa na Kiswahili. Kitufe cha plastiki kimeshachapwa herufi yake. Mtengenezaji anayetaka kuuza dunia nzima lazima atengeneze mipangilio tofauti ya herufi, QWERTY, AZERTY, QWERTZ na kadhalika, akisie kila nchi itanunua ngapi, na akikosea anabaki na mzigo ghalani. Unene na uzito sijavigusa bado.

Mleta mada

Hoja ya lugha ni nzito, na ndiyo inayonirudisha kwenye dai langu la kwanza. Kibodi ikiwa kipande kinachojitegemea, kimefungwa kwa skrubu nne na kiunganishi kimoja, simu zote zinatoka kiwandani zikiwa sawa na kipande cha kibodi kinachaguliwa mwishoni. Mzigo unaobaki ghalani unakuwa vibodi vya bei ndogo, simu nzima hazilali. Pro1 yenyewe iliuzwa kwa QWERTY na QWERTZ, kwa hiyo hata kampuni ndogo iliweza mipangilio miwili. Spea na lugha zinatibiwa na uamuzi uleule mmoja.

Kuhusu unene, Motorola Droid ya 2009 ilikuwa na milimita 13.7. Galaxy Z Fold5 ya 2023 ikikunjwa ina milimita 13.4 na gramu 253, na iliuzwa kama simu ya hadhi ya juu kabisa. Watu hawaogopi simu nene wakiona inawapa kitu. Wanachokataa ni kubeba unene bila faida.

Pro1-X iliniumiza kama ilivyowaumiza wengi. Lakini kilichoharibika pale ni ugavi wa vipuri. Sijasikia mtu aliyelalamika kwamba wazo la kibodi halikufaa.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni fundi simu, naomba niseme ninachokiona mezani, kwa sababu watu wanazungumzia vitufe wakati vitufe haviharibiki sana. Kinachokufa ni utepe.

Kwa kawaida bodi na betri hukaa kwenye nusu yenye kibodi, na kioo kiko kwenye nusu nyingine. Kila kitu cha juu kinapita kwenye utepe mmoja mwembamba: picha ya kioo, mguso, kamera ya mbele, spika ya sikioni. Kila ukifungua na kufunga, utepe unakunjika mahali palepale. Njia za shaba ndani yake zinapasuka moja moja. Unaanza kuona mstari kwenye kioo, au mguso unakataa upande mmoja, au kioo kinawaka ukikifungua nusu na kuzimika ukikifungua chote. Mteja anadhani kioo kimekufa. Ananunua kioo, tatizo liko vilevile.

Kubadilisha utepe ni kazi ndogo kama simu ilibuniwa na mtu aliyewaza kwamba utabadilishwa. Shida ni gundi. Kufikia utepe unalazimika kubandua kioo, na kioo kikibanduliwa kwa joto mara nyingi kinaondoka na ufa. Kwa hiyo madai yangu ni manne, mleta mada ayaongeze. Utepe upewe mzunguko mpana ili usikunjike kwa pembe kali. Uwe na kiunganishi pande zote mbili, usigandishwe kwenye kioo. Ufikiwe kutoka nyuma, kwa skrubu. Na reli ambazo kioo hutelezea ziwe za chuma. Za plastiki zikilika, kioo kinaanza kucheza, na kikicheza kinauvuta utepe.

Mchangiaji wa tatu

Shikamooni wakubwa. Mimi uwezo wangu wa kuona ni mdogo sana, natumia simu kwa kusomewa. Kwenye kioo nateleza kidole, simu inanitajia herufi, nikiifikia ninayoitaka nainua kidole ndipo inaandikwa. Herufi moja baada ya nyingine. Neno refu linachosha hadi unalikatiza, na hivyo ujumbe wangu huwa mfupi kuliko mawazo yangu.

Vitufe vya kweli vinaniruhusu kuandika kwa kasi ya fikra. Ombi langu ni vinundu kwenye F na J kama kompyuta, na kwenye namba 5. Herufi zichapwe kubwa, nyeupe juu ya nyeusi, kwa wale wanaoona kiasi. Na tafadhali kila kitufe kiwe na kazi moja au mbili. Vile vyenye alama tatu tatu zinazopatikana kwa kushikilia vinanilazimisha kukariri ramani nzima. Mnapohesabu soko, watu kama sisi mtuhesabu pia.

Mleta mada

Marahaba. Naongeza vinundu, naongeza herufi kubwa, na madai ya fundi nayachukua yote manne.

Mchangiaji wa nne

Naunga mkono kibodi, napinga kulaza. Programu nyingi za simu zimefungwa kwenye mkao wa wima. Ukifungua kibodi ya kulaza unajikuta unasoma programu kwa shingo imepinda, au imejaa nafasi tupu pembeni. Palm Pre ya 2009, BlackBerry Torch ya 2010 na Priv zilitelezesha kwa wima, na mkono mmoja ulitosha. Priv ilikwenda mbali zaidi: uso wa vitufe ulihisi kidole, unaupapasa kama pedi ya kompyuta ya mapajani na ukurasa unapanda. Hilo nalitaka lirudi.

Vinginevyo, nunua kava yenye kibodi. Kampuni ya Clicks ilianza kuuza ya iPhone mwaka 2024. Inachomekwa, inachukua umeme wa simu yenyewe, ukichoka unaitoa. Utepe wa fundi hauhitajiki kabisa.

Mleta mada

Kupapasa vitufe nakubaliana nako, na hakuna kinachozuia jambo hilo kuwekwa kwenye kibodi ya kulaza.

Wima nakataa kwa hesabu. Simu ina upana wa sentimita 7 hivi. Gawa kwa herufi kumi za safu moja: kila kitufe hakifiki milimita 7, na bado hujatenganisha. Ikilazwa ina urefu wa sentimita 15, kila kitufe kinapita milimita 10, na nafasi ya safu tano inapatikana. Kwa ujumbe wa mstari mmoja wima inatosha. Kwa mtu anayeandika kurasa, haitoshi. Programu zinazokataa kulala ni tatizo la kweli, lakini mfumo unaweza kuzilazimisha, na hapo ndipo ninapodai mfumo uliofunguliwa.

Kava ni msaada, nisiibeze. Lakini inaifanya simu kuwa ndefu na nzito upande wa chini, na inatengenezwa kwa umbo la simu fulani. Ukibadilisha simu unanunua kava upya.

Nirudi kwenye mfumo, maana bado hakuna aliyeugusa. Priv iliishia Android 6. Butiloda yake, yaani programu inayoiwasha simu na kuamua ipakie mfumo gani, ilikuwa imefungwa, kwa hiyo hata watu wenye ujuzi na hamu hawakuweza kuipa mfumo mpya. Vitufe vizima, reli nzima, simu haifai. Linganisha na N900, iliyokuja na mfumo wa Maemo uliojengwa juu ya Linux, na betri unayoitoa kwa ukucha. Wapo watu wa mradi wa Maemo Leste ambao bado wanaiandikia mfumo, na Droid 4 nayo wanaihudumia. Zote mbili zimeachwa na watengenezaji wake zamani sana.

Mchangiaji wa kwanza

Hapo kwenye mfumo uko sahihi, nakiri. Lakini nijibu moja: maji. Simu za siku hizi zinaanguka kwenye maji na kutoka salama. Yako ina mpenyo katikati.

Mchangiaji wa pili

Niruhusu nijibu mimi. Tangu Z Fold3 ya 2021, simu zile za kukunja za Samsung zina kiwango cha 8 cha kuzuia maji, yaani zinastahimili kuzamishwa, na zina bawaba katikati. Njia ni kuziba kila nusu kivyake, na utepe upite kwenye mpira unaoubana pande zote. Hata mpenyo ukijaa maji, bodi haiguswi. Vumbi ndilo gumu zaidi kwa reli, na hapo ningependa reli ziweze kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa grisi bila kugusa mpira huo. Kama mleta mada anaandika orodha ya kuwapelekea watengenezaji, hilo liwekwe karibu na utepe, kabla ya kamera.