Ushauri: winga ana miezi 7 tangu apasuliwe goti, tumpimeje kabla ya kumrudisha uwanjani?

Kocha wa Ipuli:
Wakuu, habari za jioni. Tuna winga hapa Tabora mjini, miaka 22. Alikatika kano ya mbele ya goti la kulia, ile ACL, akapandikizwa nyingine iliyotolewa nyuma ya paja. Wiki hii katimiza miezi 7. Anakimbia mbio za kunyooka bila maumivu, na viongozi wanamtaka kwenye ligi ya mkoa. Nina futikamba, benchi, simu, na jimu ya jirani ina mashine ya kunyoosha goti. Nimpime nini?

Fizio255:
Mkuu, mechi asicheze kabla ya mwezi wa 9, hata leo akifaulu vyote. Utafiti wa Delaware na Oslo wa 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi kufika wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa asilimia 51. Kano iliyopandikizwa inaendelea kukomaa muda mrefu baada ya maumivu kwisha.

Anza na maji ndani ya goti. Mlaze chali, mguu umenyooka. Panguza kwa kiganja upande wa ndani wa goti kuelekea pajani mara mbili tatu, kisha shusha kiganja upande wa nje. Kishimo cha ndani kikijaa tena kama wimbi dogo, maji yapo, ahirisha vipimo vya kuruka. Halafu alale kifudifudi, magoti ukingoni mwa kitanda, uangalie visigino. Cha kulia kikibaki juu, goti halijanyooka kamili.

Yakiwa sawa, apashe mwili ndipo umrushe kwa mguu mmoja: mruko mmoja, kisha mitatu mfululizo. Pima toka ncha ya kidole pa kuanzia hadi kisigino pa kutua, na atulie sekunde 2, akiyumba usihesabu. Mguu usiopasuliwa utangulie, chukua mruko bora kati ya mitatu. Gawanya namba ya mguu uliopasuliwa kwa ya mguu mzima, zidisha kwa 100. Tunataka 90 kwenda juu.

Na umpimie sehemu ileile, viatu vilevile. Udongo wa kiangazi ukikauka huwa kama saruji, ukimpima leo hapo na kesho kwenye nyasi namba hazilingani.

Kocha wa Ipuli:
Asante sana. Maji hakuna, goti linanyooka. Mruko mmoja: kushoto sm 160, kulia 139. Mitatu: 480 na 442. Nimeongeza na kuinuka benchini kwa mguu mmoja, mikono kifuani: kushoto mara 24, kulia 17.

Nyama za Paja:
Mruko mmoja ni asilimia 87, mitatu 92, benchi 71. Hiyo ya benchi ndiyo inayonitia wasiwasi. Mtu akiruka mbele, nyonga na kifundo cha mguu vinabeba kazi ya goti, umbali unapendeza huku paja la mbele bado dhaifu. Mpeleke kwenye mashine, mguu mmoja mmoja, goti toka nyuzi 90 hadi 45, utafute uzito anaoweza kuinua mara 10 tu. Kushoto akiinua kilo 30, kulia atoe angalau 27. Na huo mguu wa kushoto nao umelala miezi yote hii, kwa hiyo hata 90 ni kiwango cha chini. Usisahau nyuma ya paja, kano ilitolewa huko.

Dada Fizio Kigoma:
Naongeza kutua. Asimame juu ya boksi la sm 30, ashuke kwa mguu mmoja, simu iwe mbele yake usawa wa goti. Rudisha video polepole. Goti likiingia ndani kuelekea kidole gumba, au kiwiliwili kikilalia upande, hajawa tayari, hata kama futikamba inasema asilimia 95. Akitua mguu ukiwa mkavu bila kukunja goti, vilevile.

Umuulize pia kuhusu hofu, mkiwa wawili, viongozi wasiwepo. Lipo dodoso la maswali 12 la ACL-RSI kwa ajili hiyo. Anayeogopa kukata kona, yaani kugeuka ghafla akikimbia, hukakamaa.

Kocha wa Ipuli:
Nimeelewa. Hii miezi 2 iliyobaki tufanye nini?

Nyama za Paja:
Mashine mara 2 au 3 kwa wiki, kila mguu peke yake, seti 4 za mara 6 hadi 8, uzito wa kumchosha kweli. Baada ya wiki 6 rudia vipimo vyote. Akifaulu, aanze kukata kona kwa mwendo wa nusu, kisha mazoezi ya timu bila kugusana, kisha kamili. Kila asubuhi inayofuata panguza goti. Maji yakirudi, mrudishe hatua moja nyuma, na daktari aliyempasua apewe namba zote kabla hajaruhusu mechi.