Fleti ya lizi Uingereza, imebaki miaka 81: nikubali barua ya mwenye ardhi au nidai kisheria?

Mkazi_Reading
Wakuu, naomba ushauri. Nina fleti ya vyumba viwili Reading, lizi ya miaka 99 (yaani fleti ni yangu kwa miaka hiyo tu, kisha inarudi kwa mwenye ardhi). Ilisainiwa 15 Februari 2008, kwa hiyo kwa hesabu yangu leo Novemba 2025 imebaki miaka 81 na ushee. Pango la ardhi ni pauni 250 kwa mwaka, halipandi. Fleti kama hii yenye lizi ndefu huuzwa kama pauni 300,000. Mwenye ardhi ameniandikia nilipe pauni 7,500 aifikishe lizi miaka 125, pango libaki lilivyo. Nimeinunua miezi minane tu iliyopita, na nimeambiwa haki ya kisheria ya kurefusha lizi inataka uwe umemiliki miaka miwili. Nikubali?

Mthamini_Pwani
Ndugu, usisaini kitu. Sharti la miaka miwili lilifutwa tarehe 31 Januari 2025, kwa hiyo haki unayo tayari.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo tarehe ya 2008. Miaka si lazima ihesabiwe tangu siku ya kusaini. Fungua lizi utafute mstari unaotaja muda: "miaka 99 kuanzia..." Mara nyingi mwanzo ni siku ya nyuma, 25 Machi au 24 Juni kwa mfano, kwa sababu jengo zima limepewa tarehe moja. Kama huna nakala, rejista ya umiliki inapatikana mtandaoni kwa HM Land Registry (msajili wa ardhi wa serikali) kwa pauni 7.

Mkazi_Reading
Nimeikuta. Miaka 99 kuanzia 24 Juni 2007.

Mthamini_Pwani
Basi imebaki miaka 80 na miezi saba, na una hadi Juni 2026 tu. Sheria ya 1993 ya kurefusha lizi inasema lizi iliyobakiza zaidi ya miaka 80 siku unapotoa notisi (barua rasmi ya kudai nyongeza) haidaiwi ile wathamini wanayoiita "thamani ya ndoa", yaani faida inayopatikana lizi inaporefushwa, ambayo nusu yake humlipa mwenye ardhi. Ikifika 80 kamili, umeshachelewa.

Kwa namba zako: fleti atakayorudishiwa mwenye ardhi baada ya miaka hiyo yote, ikipunguzwa kwa asilimia 5 kwa mwaka, leo ina thamani ya kama pauni 5,900. Pango analolipoteza, nikilikadiria kwa asilimia 6, ni kama 4,100. Jumla inakaribia pauni 10,000. Sasa isogeze hadi miaka 79 na miezi 11. Tukichukulia lizi fupi ina thamani ya asilimia 92 ya ile ndefu, nusu ya faida, baada ya kutoa kwanza ile jumla anayolipwa mwenye ardhi, inaongeza karibu 7,000, na bei inafika kama 17,000.

Ile 7,500 ni rahisi kwa macho tu. Unapata miaka 44 hivi ya nyongeza na unaendelea kulipa 250 kila mwaka. Kisheria unaongezewa miaka 90, zinakuwa zaidi ya 170, na pango linashuka hadi sifuri. Halafu barua ile haimfungi. Akikuzungusha hadi Julai kisha akajitoa, miaka 80 imeshapita na huwezi kumdai bei ile.

Dada_Hati
Nakubaliana na Mthamini. Kuhusu utaratibu, notisi ya kifungu cha 42 cha sheria hiyo ndiyo inayogandisha tarehe ya kukadiria bei. Majadiliano yanaweza kuvuka Juni bila kukudhuru, mradi notisi imefika kabla.

Notisi nyingi huharibika kwenye jina. Anayekutoza pango si lazima awe ndiye anayestahili kupokea. Kama katikati kuna mtu mwenye lizi inayozidi yako kwa siku chache tu, hawezi kukupa miaka 90 ambayo hana, na notisi inakwenda kwa aliye juu yake. Soma rejista ya jengo zima pia. Fleti ikiwa na majina mawili, wote wawili watajwe. Na bei unayoiandika iwe ya kweli, imetoka kwa mthamini. Ukiandika pauni 500 kwa kujaribu bahati, notisi inaweza kubatilishwa.

Unampa mwenye ardhi angalau miezi miwili ya kujibu. Anaweza kudai amana ya asilimia 10 ya bei uliyotaja, au pauni 250 kama hiyo ni kubwa zaidi; una siku 14 za kulipa. Akijibu na msikubaliane, peleka shauri kwenye baraza la mali (First-tier Tribunal) baada ya miezi miwili lakini kabla ya sita kwisha tangu jibu lake. Miezi sita ikikupita, dai linahesabiwa limefutwa, huruhusiwi kutoa jingine kwa miezi 12, na wakati huo thamani ya ndoa imeshakukuta. Asipojibu kabisa, nenda mahakama ya kaunti ndani ya miezi sita tangu muda wa kujibu ulipokwisha, uombe masharti uliyoyaandika wewe.

Tenga pia fedha za wakili na mthamini wa mwenye ardhi. Gharama zake za haki kwa kazi hiyo ni juu yako, ila zile za barazani anajilipia.

Mkazi_Reading
Ahsanteni sana. Je, nisubiri sheria mpya inayofuta thamani ya ndoa? Na nikitaka kuuza katikati ya safari?

Dada_Hati
Sheria ya 2024 ya lizi imepitishwa kweli, lakini vifungu vya kufuta thamani ya ndoa na kutoa lizi ya miaka 990 bado havijaanza kutumika. Kwa miezi saba uliyobakiza, mimi nisingesubiri. Ukiuza, manufaa ya notisi yahamishiwe kwa mnunuzi pamoja na lizi yenyewe, siku hiyohiyo, kwa hati. Yakitenganishwa, notisi inakufa.

Mthamini_Pwani
Mwite mthamini kabla ya Krismasi. Notisi iwe imepokelewa mwishoni mwa Machi, ili kosa la jina au anwani likijitokeza uwe na nafasi ya kutoa nyingine.