Tupeane uzoefu: kufufua rangi na ndani ya gari la zamani ukiwa nyumbani

Mshika Msasa

Wakuu, salaam. Nafungua uzi huu kwa ajili yetu sisi wenye magari yaliyokula umri: injini bado inaitika, lakini rangi imepauka, dari imeshuka, dashibodi imepasuka. Naomba kila mtu asimulie alichokifanya kwa mikono yake, nyumbani. Ulianza na nini, kipi kilikubali, kipi kiligoma. Picha si lazima, maelezo ndiyo tunayoyatafuta.

Naanza na rangi. Gari langu ni jekundu, ila boneti na paa vilikuwa vimefifia hadi kuwa waridi, huku milango ikiwa na afadhali. Hilo lenyewe linakuonyesha mharibifu ni nani, maana jua hupiga sehemu zilizolala kuliko zilizosimama. Kabla sijagusa chochote nilitaka kujua nashughulika na rangi ya aina gani. Zamani magari yalipigwa rangi ya tabaka moja, yaani rangi yenyewe ndiyo inayong'aa. Ya baadaye yana rangi chini na klia juu yake, yaani tabaka angavu lisilo na rangi. Kujua ni rahisi: chukua kitambaa cheupe, tia polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana sana. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hapo hakuna klia. Changu kilitoka chekundu, nikafurahi kweli, kwa sababu rangi ya tabaka moja iliyopauka mara nyingi hurudi. Kilichokufa ni ngozi ya juu tu, chini yake rangi iko hai.

Nikaosha kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudishwe kwenye bodi. Kisha nikapitisha ule udongo maalumu wa kusafishia rangi, bodi ikiwa imelowa maji ya sabuni, ukaondoa chembe ambazo kuosha hakuzitoi. Tia kiganja ndani ya mfuko laini wa nailoni, upapase bodi kabla na baada, utashangaa tofauti. Baada ya hapo kompaundi, yaani dawa ya kusugulia inayokwangua, kisha polishi laini, na mwisho nta.

Jambo ambalo ningependa kila mmoja alijue kabla hajashika mashine ni unene wa kitu unachokisugua. Rangi ya kiwandani, kuanzia praima (rangi ya msingi inayokaa juu ya chuma) hadi juu kabisa, kwa kawaida ina mikroni 100 hadi 150, na mikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Klia peke yake huwa karibu 40 au 50, nyembamba kuliko unywele. Kila ukipiga kompaundi unakula sehemu yake, na iliyoliwa haiongezeki. Kwa hiyo anza na dawa laini kuliko zote, jaribu eneo dogo, ikishindwa ndipo upande ngazi moja. Kingo za milango na mikunjo ya boneti zibandike tepu ya karatasi, kwa sababu hapo rangi ni nyembamba zaidi. Na mashine nzuri kwa nyumbani ni ile inayozunguka huku ikiyumba. Ile inayozunguka moja kwa moja inakusanya joto mahali pamoja, na mkono usiozoea utafika kwenye praima kabla jicho halijaona.

Karibuni.

Dada Spana

Ahsante kwa uzi, mkuu. Langu lilikuwa na klia, na klia yenyewe ilikuwa inabanduka magamba juu ya paa. Wenye gari la namna hiyo msijisumbue na polishi. Klia ikishaachana na rangi hakuna nta wala kompaundi ya kuirudisha, sehemu hiyo inataka kupigwa rangi upya.

Mimi na kaka yangu tuligawana kazi na fundi rangi. Maandalizi yote tulifanya nyumbani: msasa wa maji namba 400 pembezoni mwa palipobanduka, mpaka kidole kikipita kisihisi ngazi, tukamalizia na 800. Palipofika chuma tukapaka praima. Kupuliza tukamwachia yeye, na nashauri na wengine wafanye hivyo. Klia ya kudumu huchanganywa na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, yenye kemikali za isosayaneti, na barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake. Inaweza kukuachia pumu ya maisha. Fundi aliyejipanga huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kama fundi wako hana, tafuta mwingine, kwa ajili ya mapafu yake na kwa ajili ya kazi yako.

Kingine: rangi za magari ya zamani sana zinaweza kuwa na madini ya risasi. Pigeni msasa kwa maji, msipige mkavu, na watoto wakae mbali.

Mzee Kabureta

Vijana mnaongea rangi, nami nitaongea maji. Kwa uzoefu wangu, nusu ya uharibifu wa ndani ya gari la zamani unatokana na maji yaliyoingia kimyakimya.

Gari nililonunua lilikuwa na harufu ya uvundo. Aliyekuwa nalo alining'inizia marashi matatu kwenye kioo. Nikatoa marashi, nikabonyeza kapeti kwa nguvu upande wa abiria, juu pakavu kabisa, chini panachuruzika. Hiyo ndiyo hila ya kapeti la gari: linakauka juu, lakini chini yake kuna sponji nene inayoshika maji kwa miezi. Mtu anasafisha kapeti kwa sabuni na brashi, anapulizia dawa ya harufu, wiki inayofuata harufu imerudi.

Nikaamua kutoa siti zote. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Ukiona chini ya siti kuna soketi ya njano, hiyo kwa kawaida ni ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka ajalini) au ya kikaza-mkanda. Chomoa kwanza waya hasi wa betri, usubiri dakika kadhaa umeme uliobaki uishe, ndipo uguse soketi. Usije ukawasha swichi siti zikiwa nje, taa ya eabegi itawaka na huenda isizime yenyewe.

Kapeti nikalitoa zima, nikalianika. Sponji nyingine ilikuwa imeoza, nikaikata na kuweka mpya. Sakafu ilikuwa na kutu ya juujuu. Nikapiga brashi ya waya mpaka chuma, nikapaka dawa ya kutu, praima, kisha rangi. Kutu iliyovimbisha rangi mpate kujua kwamba chini yake ni kubwa kuliko inavyoonekana juu, kwa hiyo fungua mpaka ukute chuma kisafi pande zote.

Lakini kapeti sikulirudisha mpaka nijue maji yanaingilia wapi. Nikamwaga maji kwa mpira, sehemu moja moja, nikianzia chini kwenda juu, mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Sehemu za kukagua ni hizi: matundu ya kutolea maji chini ya kioo cha mbele, ambako majani hujaa, mirija ya paa la kufunguka, kama unalo, mpira wa kioo cha mbele, bomba la kutolea maji ya AC, na ile nailoni iliyobandikwa ndani ya mlango nyuma ya kava. Watu wengi wakifungua mlango kutengeneza kioo huichana ile nailoni na kuitupa, hawajui kazi yake. Maji hupita kwenye kioo na kushuka ndani ya mlango kila mvua inaponyesha, hiyo ni kawaida, yanatokea matundu ya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasiingie kwenye kapeti. Kwangu ilikuwa hiyohiyo. Nikakata nailoni ngumu, nikaibandika kwa gundi nzito ya kanda, na harufu haijarudi tena.

Mshika Msasa

Mzee, shikamoo, na ahsante sana. Hiyo ya nailoni ya mlango nilikuwa siijui.

Mzee Kabureta

Marahaba. Kagua na matundu ya chini ya milango, yakiziba mlango unaozea ndani.

Sindano na Uzi

Mimi nashona siti, na nyumbani kwangu kazi niliyoipenda kuliko zote ni dari. Ikishuka watu huibana kwa pini au kuchoma sindano ya gundi. Inashika siku chache inashuka tena, na sababu ni hii: kitambaa cha dari kimegandishwa kwenye sponji nyembamba, na sponji hiyo huoza kwa joto na unyevu. Gundi yako inashika vumbi la sponji iliyokwisha kufa.

Dawa ni kushusha ubao wote. Fungua vizuia-jua, vishikio, taa ya ndani, na kava za nguzo. Kama gari lina eabegi za pazia pembeni mwa dari, tahadhari ya Mzee ya betri inahusika hapa pia. Skrubu za kila sehemu zitie kwenye mfuko wake uuandike, na piga picha kabla ya kufungua. Klipu za plastiki zilizozeeka ni kavu, hukatika hasa zikiwa na baridi, basi fanya kazi gari likiwa na joto na utumie kabari ya plastiki badala ya bisibisi.

Ubao ukiwa nje, bandua kitambaa, sugua sponji yote iliyobaki kwa brashi mpaka ubao uwe msafi. Usifanye haraka hapa. Punje moja ukiiacha itaonekana juu ya kitambaa maisha yote. Nunua kitambaa chenye sponji mgongoni, kwa sababu kitupu huonyesha kila kasoro na gundi hupenya ikaacha madoa. Tandaza kitambaa, kunja nusu, puliza gundi pande zote mbili, ubao na kitambaa, subiri mpaka ukigusa inavuta lakini haichafui kidole. Kisha shusha kidogokidogo kwa kiganja ukianzia katikati, ukiingia kwenye mabonde kabla ya kwenda pembeni. Malizia nusu ya pili. Pembeni acha ziada ya kukunjia nyuma.

Kijana wa Boneti

Dada, gundi yoyote ya kupuliza inafaa?

Sindano na Uzi

Hapana, mdogo wangu. Tafuta iliyoandikwa kwamba inahimili joto kali. Gari lililofungwa juani, pale chini ya paa, ni tanuri. Gundi ya kawaida ya ufundi inalainika na dari inashuka tena.

Rafiki wa Dashibodi

Nami nichangie plastiki na vinili, ile plastiki laini inayofanana na ngozi. Dashibodi hupasuka kwa sababu vinili huchanganywa na vilainishi kiwandani, na joto la jua huvifukuza polepole. Ule utando wa mafuta unaoufuta kwenye kioo cha mbele kwa ndani, sehemu yake ndiyo hiyo. Vikiisha, vinili inasinyaa na kukatika.

Ufa mdogo nilioufanyia kazi niliuchonga kidogo uwe mpana juu na mwembamba chini, nikapiga msasa kingo, nikajaza puti ya vinili inayonyumbulika, kisha rangi ya vinili. Puti ngumu ya bodi usiitumie, jua la kwanza linaitema. Ufa ukiwa juu ya kifuniko cha eabegi ya abiria, usiujaze wala kuufunika. Kifuniko hicho kimetengenezwa kipasuke mahali maalumu, ukikibadilisha unacheza na maisha ya mtu. Na hayo mafuta ya kung'arisha dashibodi siyapendi hata kidogo: yanaakisi kwenye kioo, unaendesha ukitazama dashibodi badala ya barabara.

Swichi na vishikio vinavyonata, vile vyenye utando kama mpira, mimi hutoa utando wote kwa spiriti ya aisopropili na kitambaa. Inabaki plastiki ngumu, safi. Angalia tu alama zilizochorwa juu ya vitufe, zinaweza kutoka pamoja nao.

Dada Spana

Na siti za ngozi je?

Sindano na Uzi

Kwanza hakikisha ni ngozi. Mercedes W123, zile zilizozinduliwa 1976, nyingi zilitoka kiwandani na MB-Tex, ambayo ni vinili, na ni vinili bora sana, lakini wenye nazo huapa ni ngozi na kuzipaka mafuta zisizoyahitaji. Vinili inataka sabuni laini na maji, basi.

Hata ngozi halisi ya gari mara nyingi imepakwa rangi na utando juu, kwa hiyo mafuta mengi hayapenyi, yanakaa juu kuvuta vumbi. Kinachohitajika zaidi ni usafi: brashi laini, povu, futa, rudia. Palipochubuka ndipo unapiga msasa mwembamba sana, unajaza, unapaka rangi ya ngozi na kuifunga.

Mikanda oshea maji ya vuguvugu na sabuni laini. Ivute yote, ibane isirudi, ikauke kabisa. Usitie dawa ya kung'arisha nguo wala rangi, zinadhoofisha nyuzi. Mkanda uliochakaa kingo badilisha.

Kijana wa Boneti

Mimi nina la taa tu. Zangu ni za plastiki, zilikuwa njano. Msasa wa maji 800, 1500, 2000, 3000, kisha polishi, zikawa angavu. Wanaotumia dawa ya meno wanapata mwanga wa muda mfupi. Ukishapiga msasa umeondoa kinga ya jua ya kiwandani, kwa hiyo lazima upake klia yenye kinga, la sivyo unjano unarudi upesi. Taa za vioo hazihitaji haya.

Swali langu: mtu aanze ndani au nje?

Mshika Msasa

Mimi nafuata njia ya Mzee: kwanza maji na kutu, kisha ndani, rangi mwisho. Siti na ubao wa dari vikipitishwa mlangoni hukwaruza, na vumbi la kazi hutua juu ya bodi. Ila kama rangi inapigwa upya na siti ziko nje tayari, wahi hapohapo ukiwa nayo nafasi, kisha ndipo urudishe vitu vya ndani.

Kapeti la gari langu sijawahi kulitoa. Baada ya maelezo ya Mzee nimebonyeza upande wa dereva na kitambaa kimetoka na unyevu, kwa hiyo siti zinatoka. Nitaleta nitakachokikuta. Wakati huohuo, mwenye uzoefu wa kromu za bampa zilizoanza vidoa vya kutu aje atusaidie, hiyo hatujaigusa.