Kintu kimoja, majina tatu: makumbusho, arshivi na biblioteki tunaziunganisha namna gani?

kadogo_wa_kamalondo (Lubumbashi)

Jambo bakubwa wote. Nko na swali ya kazi, itakuwa ndefu kidogo, munivumilie.

Natumika hapa L'shi na nyumba tatu ambazo zimekubaliana kuweka katalogi zao pamoja ku intaneti: makumbusho (siye tunasemaka tu mize), arshivi ya kampuni moja ya zamani, na biblioteki. Mi njo nilipewa kazi ya kupatanisha maneno, yaani mutu akiandika neno moja aone bintu ya fasi zote tatu. Nikasema hii ni kazi ya wiki mbili. Wapi! Leo ni mwezi wa tatu.

Mufano. Juzi nilishika musalaba wa shaba, ile croisette, nzito kweli, ku mukono wake moja kuko namba ya rangi nyeupe, na pembeni imeanza kugeuka kijani. Ku rejista ya makumbusho iliandikwa "monnaie", yaani feza, basi. Ku arshivi kuko dosie yenye picha za misalaba ile ile, juu yake "métallurgie indigène", yaani kazi ya madini ya wenyeji. Biblioteki nayo iko na buku juu ya makaburi ya Sanga, kule kando ya ziwa Kisale fasi walichimba 1957, na fishi yake inasema tu "Archéologie – Congo". Mutu akitafuta "croisette" anapata sifuri fasi zote tatu, na bintu biko pale kwa rafu vinamuangalia.

Kisha kuko sanduku nzima imeandikwa "M.O.I." Siku ya kwanza nilifikiri ni "moi" ya Kifaransa, mimi, nikajiuliza ni nani huyu alijipenda mpaka akajaza sanduku. Kumbe ni "main-d'œuvre indigène", wafanyakazi weusi wa Union Minière, ile kampuni ya shaba ya wakati wa ukoloni. Sasa mutoto anayetafuta mambo ya babu yake aliyechimba shaba atajuaje aandike M.O.I.?

Mukubwa wa biblioteki anasema wote tufuate Rameau, ile orodha ya maneno ya biblioteki za Ufaransa, mambo imeisha. Wa makumbusho anasema hapana, sisi tuko na maneno yetu. Wa arshivi hasemi kitu, anakunja tu mikono. Tuchague orodha moja tuilazimishe kwa wote, ao kuko namna ingine?

mama_fishi (Lubumbashi)

Kadogo, karibu ku mateso. Mi nilitumika na fishi tangu zile za kadi, unafungua droo ya mbao inalia kama mulango wa kanisa, kwa hiyo usidhani mi ni adui wa Rameau. Ni orodha nzuri. Lakini ujue imetoka wapi: Wafaransa waliianza 1980 kwa kuchukua orodha ya chuo cha Laval kule Québec, na ile ya Laval ilitafsiriwa na kutengenezwa toka ile ya Library of Congress, biblioteki kubwa ya Amerika kule Washington. Neno lilitoka Washington, likapita Québec, likapita Paris, njo likafika ku rafu yetu, na wewe unashangaa kwa nini halijui croisette vizuri?

Lakini shida yako haiko pale hata. Sikiliza vizuri: buku inasema JUU YA kintu. Kintu cha makumbusho NI kintu. Na dosie ya arshivi IMETOKA KWA mutu ao ofisi fulani. Mambo tatu tofauti. Mukubwa wa biblioteki akiandika "croisette" anataka kusema "hapa ndani banazungumzia croisette", wa makumbusho akiandika neno lile lile anataka kusema "hii hapa mbele yako ni croisette, usiiangushe ku muguu". Ukiwalazimisha waandike ndani ya kisanduku kimoja cha fomu, mwaka kesho hamutajua tena kama picha ya musalaba ni musalaba. Neno linaweza kuwa moja, lakini fasi ya kuliandika iwe mbali mbali: "ni nini", "inasema juu ya nini", "ilitoka kwa nani".

yaya_wa_bukavu

Mama fishi amesema vizuri. Mi naongeza kwa njia ya tumbo.

Nyumbani Bukavu tunakula sombe, na ninyi Lubumbashi pia munasemaka sombe. Mutu wa Kinshasa akikuja anasema pondu, wengine banasema saka-saka, Mtanzania anasema kisamvu, na mupika wa hoteli anaandika "feuilles de manioc" juu ya menu ili bei ipande. Je, tunapigana tuchague jina moja? Hapana, wote tunaleta sahani. Kinachokuwa kimoja ni chakula, majina yanabaki yote.

Orodha za kisasa ziko hivyo hivyo. Kila konsepti (yaani kintu ao wazo lenyewe, si jina lake) inapewa namba yake ao adresi yake ya intaneti isiyobadilika, kisha unaipachika majina: moja kubwa kwa kila lugha, na mengine mengi ya pembeni, hata yale ya kuandikwa vibaya unayaficha nyuma ili mashine iyatambue tu. Kanuni yake inaitwa SKOS, W3C, wale wanaotunga kanuni za intaneti, waliitoa 2009, na si ngumu sawa vile banavyoogopesha watu. Kiswahili chetu cha Kongo hata kiko na kodi yake mbali, swc, kwa hiyo "fasi" na "mahali" zinaweza kukaa kwa konsepti moja bila mutu kumusahihisha mwenzake. FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, nao beko na orodha ya kilimo, AGROVOC, yenye lugha nyingi na Kiswahili kimo, kaangalie namna walivyoipanga.

Kwa hiyo biblioteki inabaki na Rameau yake, makumbusho inabaki na maneno yake, wewe unajenga madaraja katikati. Ufini walifanya hivyo: Finna, fasi ya kutafutia ya makumbusho, arshivi na biblioteki pamoja, iko tangu 2013, na nyuma yake kuko orodha zao zilizounganishwa konsepti kwa konsepti.

Ila kuko mutego mumoja na watu mingi wanaangukia ndani. Madaraja hayako sawa. Kuko "sawa kabisa", kuko "karibu sawa", kuko "hii ni kubwa kuliko ile", na "hii ni ndogo". Ukisema "sawa kabisa" mashine inaiamini na inaifuatisha: A ni sawa na B, B ni sawa na C, basi A ni sawa na C. Sasa weka croisette "sawa kabisa" na monnaie, kesho mwingine aweke monnaie "sawa kabisa" na makuta, utakuta noti za Mobutu na misalaba ya makaburi ya Sanga kwa ukurasa moja. "Karibu sawa" haitembei hivyo, inabaki pale ulipoiweka. Ukiwa na mashaka weka "karibu sawa", utalala vizuri. Na croisette kwa monnaie si hata karibu sawa, monnaie ni kubwa, croisette ni mutoto yake.

djo_ordi

Siku hizi si unapatia tu akili bandia rejista zote tatu inakupangia kwa dakika tano? Munajichosha bure

mama_fishi

Djo, nilijaribu. Ilinipangia M.O.I. chini ya "saikolojia ya nafsi". Endelea kucheka.

mukunja_mikono

Nimesoma pale juu "anakunja tu mikono" na nimejitambua, hata kama si mimi 😂. Mi natumika arshivi, fasi ingine, acha nieleze kwa nini tunakunja.

Watu wa orodha wakikuja kwetu kitu cha kwanza banataka kupanga karatasi upya kwa masomo. Hii ya migodi hapa, hii ya shule pale, hii ya hospitali kule. Ukifanya hivyo umeua arshivi. Karatasi ya ofisi ya M.O.I. inasema kitu kwa sababu iko katikati ya karatasi zingine za ofisi ile, ukiitoa inakuwa yatima. Kwa hiyo fondi (karatasi zote zilizotoka ofisi moja) haiguswi, mupangilio haiguswi. Na kichwa cha dosie haibadilishwe hata kama kinanuka ukoloni, juu kile kichwa chenyewe ni ushahidi. Chukua mugomo wa Desemba 1941 hapa Élisabethville (Lubumbashi ya leo), wafanyakazi wa Union Minière waliomba mushahara na askari wakawapiga risasi. Dosie ikiitwa "incidents", mi sitafuta "incidents", juu ndiyo inaonyesha mukubwa wa zamani alitaka mambo yaonekane madogo namna gani. Lakini PEMBENI naweza kuandika: mugomo, mauaji, wafanyakazi, 1941. Hapo tunapatana.

Na usiniambie niandikie kila karatasi neno lake. Karatasi ziko kwa mita, watu tuko wawili. Ku dosie ao ku seri, inatosha.

kadogo_wa_kamalondo

Aksanti sana wote, mama fishi na yaya mumenifungua macho. Mukunja mikono nimekoma 🙏

Nilianza na majina ya fasi nikifikiri njo rahisi. Élisabethville ni Lubumbashi tangu 1966, Jadotville ni Likasi, Albertville ni Kalemie, nikaweka "sawa kabisa" mbio mbio. Kisha nikafika ku Shaba. Programu ilinichanganyia jimbo na madini, mutu anatafuta shaba ya kuyeyusha anapata barua za gavana wa enzi za Mobutu. Na Katanga nayo ni shida, naiweka sawa na nini?

mama_fishi

Shaba ni konsepti mbili zenye jina moja, unazitenganisha kwa kuandika pembeni: Shaba (jimbo), shaba (madini). Jimbo unaliunganisha na Katanga, maana ni lile lile lililobadilishwa jina na kurudishiwa 1997. Lakini Katanga na Haut-Katanga, chunga! 2015 Katanga ilikatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Ukiandika Katanga ni sawa kabisa na Haut-Katanga, watu wa Kolwezi, wale wa Lualaba, watakukuta nyumbani kwako. Katanga ya zamani inabaki konsepti yake na miaka yake, na vipande vinne vinaonyesha vilitoka ndani yake.

Hata Jadotville "sawa kabisa" ni ya haraka. Ni fasi moja, konsepti moja, jina la zamani ni jina la pembeni tu. Daraja ni la kati ya orodha mbili, si la kati ya majina mawili ya kintu kimoja.

nkishi_si_fetishi (mize)

Mi natumika makumbusho na naona munatusahau. Kwetu neno linalouma ni "fétiche". Iko kwa rejista mingi za zamani, imeandikwa na mutu aliyeshika sanamu ya Waluba ao ya Wasongye bila kuuliza mwenyewe inaitwa nini. Mwenyewe anasema nkishi, na zikiwa mingi mankishi. Mi napendelea nkishi iwe jina kubwa, "fétiche" iende kwa yale majina yaliyofichwa, mutafutaji mwenye rejista ya zamani afike, lakini asiione juu ya ukurasa. Wenzangu wengine banataka ifutwe kabisa. Mi nasema ukiifuta huwezi tena kufuata sanamu toka rejista ya zamani mpaka ya sasa.

Na hapa si mambo ya uzuri tu. 2022 Ubelgiji ilikabidhi serikali yetu orodha ya bintu karibu 84,000 vya Kongo vilivyoko Tervuren, ku makumbusho yao ya Afrika. Ile orodha iliandikwa kwa maneno yao. Siku tutaulizwa "chenu ni kipi" tutalinganisha na nini, kama hapa nyumbani kintu kimoja kiko na majina tatu yasiyojuana?

yaya_wa_bukavu

Hapo umegusa. Na kadogo, usianze na maneno elfu tano. Chukua yale ambayo watu banaulizaka kweli ku meza ya biblioteki na ku mulango wa mize, Excel moja, kolona tatu za nyumba tatu, ya ine ndiyo namba, ya tano aina ya daraja, na ya sita nani aliamua na tarehe gani. Hiyo ya sita usiiruke, utanikumbuka.

kadogo_wa_kamalondo

Ripoti ya leo. Tuko na maneno 62. Wa arshivi nilimuambia hatugusi vichwa vya dosie, akafungua mikono akaniletea mwenyewe orodha ya vifupisho vya ofisi za zamani, kurasa saba za mashini ya kuandika, M.O.I. iko ya kwanza.

Jambo moja tu bado. Niliweka "musalaba wa shaba" kama jina kubwa la Kiswahili, nikajaribu kutafuta "musalaba". Zimekuja misalaba ya misioni kwanza, kumi na ine, na picha ya padri ku ngazi. Croisette iko chini kabisa.

mama_fishi

Hapo mashine haina kosa, kadogo, umeuliza musalaba imekupa musalaba. Acha jina kubwa vile liko, ongeza "croisette" na "kruazeti" pembeni kwa swc. Kisha ku ukurasa wa musalaba wa kanisa weka ile alama ya "angalia pia", na ku ule wa shaba vile vile. Na sarafu za Katanga za 1961, zile zenye croisette juu yake, usizisahau: zenyewe ni monnaie, picha yake ni croisette. Kisanduku mbili.

kadogo_wa_kamalondo

Kruazeti 😂 kuko mutu moja aliandika vile vile kwa kitabu cha wageni. Naongeza sasa hivi.