Mama karudishwa nyumbani na saratani, usiku hatulali. Serikali inagharamia nini hapa?

Binti Korogwe
Wakuu, heshima kwenu. Mama yangu ana miaka 64, saratani ya shingo ya kizazi. Alipigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, mwaka juzi akapata nafuu, sasa imerudi na imeingia kwenye mifupa. Tuliitwa pembeni tukaambiwa tukamtunze nyumbani. Mionzi ilikuwa ya msamaha, hatukulipa. Ila tangu tufike kijijini kila kitu ni mfukoni: pampasi, bodaboda, na dawa ya maumivu, diklofenaki, ambayo haifui dafu tena. Saa 8 usiku anauma pindo la kanga ili wajukuu wasimsikie.

Kaka mkubwa anataka tuuze shamba la machungwa twende India. Mimi nauliza: serikali ina nyumba za kutunzia wagonjwa wa namna hii? Bima inalipia muuguzi wa kuja nyumbani?

Ngosha
Pole sana dada. India achaneni nayo. Baba mdogo tulimpeleka akiwa hatua ya nne, tukarudi na jeneza na deni.

Muuguzi Mstaafu
Pole mwanangu. Usitafute jengo. Huduma hii ya kumtuliza maumivu mgonjwa asiyetarajiwa kupona inaitwa tiba shufaa, na kwa serikali imekaa ndani ya hospitali. Yaani hela ya serikali inamsindikiza mgonjwa mpaka mlango wa wodi, basi. Waliokuwa wanawafuata wagonjwa majumbani sana sana ni hospitali za makanisa, kama Selian kule Arusha, tena kwa fedha za wafadhili. Mfadhili akifunga mkoba, pikipiki ya muuguzi inakaa bila mafuta.

Kesho usimbebe mama. Beba karatasi zake na barua ya mtendaji wa kijiji, nenda hospitali ya mkoa, anzia kwa afisa ustawi wa jamii. Saratani imo kwenye sera ya msamaha, na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo naye yumo. Kisha muulize daktari waziwazi: mofini ya maji, ile dawa ya maumivu makali, ipo? Ni unga unaokorogwa na maji, bei yake si ya kutisha. Kinachokwamisha ni vibali, maana kisheria ni dawa ya kulevya. Kama hawana, usitoke bila kuandikiwa rufaa ya kwenda inakopatikana.

Na kama kuna kidonda kinachonuka, waulize kuhusu kusaga vidonge vya flajili na kunyunyizia. Harufu ndiyo inayowafukuza majirani, si ugonjwa.

Mtu Chake
Mofini si ndiyo inawamaliza haraka?

Muuguzi Mstaafu
Hapana. Ikipimwa sawasawa inaondoa maumivu. Kinachoua ni saratani.

Mhaya wa Kampala
Huku Uganda mofini ya maji inalipiwa na serikali, mgonjwa anapewa bure. Inatengenezwa hapa Makindye na Hospice Africa Uganda, aliyoianzisha Dkt. Anne Merriman 1993. Na tangu 2004 muuguzi aliyesomea anaruhusiwa kuiandika mwenyewe bila kusubiri daktari. Msidhani ni peponi lakini, hao wauguzi wenyewe bado wanaishi kwa misaada.

Kikotoo
Sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita 2023. Nani amemuuliza mbunge wake kama kitita cha huduma zinazolipiwa kina muuguzi wa nyumbani? Sisi tunauliza lami tu.

Binti Korogwe
Nimerudi na chupa ya mofini, wakuu. Wamebandika plasta na kuandika kwa kalamu: saa 12, saa 4, saa 8, saa 12, na ya saa 4 usiku mara mbili ili alale. Nampimia kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Jana kalala mpaka adhana ya alfajiri, akaamka anadai chai ya tangawizi. Kaka bado hajakubali kuachana na India, tunakaa kikao Jumapili.

Muuguzi, hawakunipa dawa ya kulainisha choo. Ni lazima?

Muuguzi Mstaafu
Lazima, mofini inafunga choo. Nunua bisakodili leo leo, usisubiri siku ya tatu.