Tupeane uzoefu: mafuta ya mwili kwa wanawake tunaofanya mazoezi

Dada zangu, nawasalimu. Naomba tuelezane ni kiwango gani cha mafuta ya mwili kilichowafaa ninyi mnaofanya mazoezi, na mlitambuaje kwamba kimewafaa. Nianze na yangu. Mwaka juzi nilikimbia siku sita kwa wiki, nikaacha ugali, wali na mafuta ya kupikia, kwa kuwa mwalimu wangu wa mazoezi alinitaka nishushe mafuta ya mwili chini ya asilimia 15 ya uzito wangu. Nilifika 14, na kila mtu akanisifu. Lakini hedhi ilikatika miezi mitano, nikahisi baridi hata mchana wa Dar es Salaam, na hatimaye mfupa wa muundi ukapata ufa. Daktari alinieleza kwamba mwili unaotumia nguvu nyingi kuliko chakula unachopewa hupunguza estrojeni, homoni ambayo mifupa inaitegemea ili ibaki imara. Sasa nina asilimia 23, hedhi imerejea, na ninakimbia vizuri kuliko wakati ule.

Mchangiaji, Mombasa: Pole sana, dada. Mizani ya nyumbani, ile inayopitisha umeme hafifu mwilini, ilinipa tofauti ya asilimia 3 kwa siku moja, maana husomeka kulingana na maji yaliyomo mwilini. Siku hizi ninapima mara moja kwa mwezi, alfajiri, kabla ya kunywa chochote.

Mtaalamu wa lishe, Nairobi: Jedwali la American Council on Exercise, shirika la mazoezi la Marekani, huwaweka wanariadha wa kike kati ya asilimia 14 na 20, wafanyao mazoezi ya kawaida 21 hadi 24, na kuhesabu 25 hadi 31 kuwa kiwango kinachokubalika. Hata hivyo nimehudumia wasichana wenye asilimia 22 waliokosa hedhi, kwa sababu walikimbia sana na kula kidogo mno. Hedhi ikikosekana miezi mitatu, nawe huna mimba, tafadhali muone daktari, hata kama namba yako ni nzuri.

Mchangiaji, Tanga: Wanangu, nina miaka 56 na nimekwisha koma hedhi, kwa hiyo alama hiyo mnayoitegemea mimi sinayo tena. Nina asilimia 33, ninanyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, na presha na sukari yangu ni za kawaida. Wa rika langu mnajipima kwa lipi?