Diski ya shingo C5-C6: kuunga pingili, diski bandia au niendelee na fizio?

FundiSuti aliandika:
Wakuu, habari zenu. Nina miaka 47, fundi cherehani, Morogoro. Toka mwezi wa nne bega la kulia linawaka moto kushuka mpaka kidole gumba, usiku silali. MRI imeonyesha diski, kile kitakia kati ya pingili ya tano na ya sita ya shingo (C5 na C6), imetoka. Daktari wa kwanza kasema dawa na fizio, yaani mazoezi ya tiba. Wa pili kasema nipasuliwe, pingili mbili ziungwe kwa chuma. Shemeji yangu aliyeko Muscat anasema kuna diski bandia. Nani amepitia? Kisu nakiogopa, lakini kazi inalala. Sindano zinanidondoka, vifungo siku hizi namwachia kijana wa ofisini.

MamaTatu:
Pole sana kaka. Mimi niliungwa hapohapo C5-C6, mwaka wa tatu huu. Wanapasua mbele ya shingo, si nyuma kama nilivyodhani, na kovu limejificha kwenye mkunjo wa ngozi. Diski inatolewa, panawekwa kipande cha kushikilia nafasi, wanakaza kwa bamba na skrubu. Moto wa mkono ulizimika nikiwa bado wodini. Kilichonitesa ni koo. Wiki mbili nzima uji na mtori, tonge la ugali linakaa hapa kati haliendi mbele wala nyuma, na sauti ikakwaruza mpaka watoto wakaniita babu. Vyote viliisha. Ganzi ya kidole imepungua tu, haijaondoka. Kugeuza shingo sikupoteza sana, maana karibu nusu ya kugeuka kunatoka kwenye pingili mbili za juu kabisa. Nikirudisha gari nyuma ndipo nakumbuka kuwa nina chuma.

DerevaMstaafu:
Mimi kisu sikukiona. C6-C7, mkono wa kushoto. Wiki kumi za fizio na vidonge vya neva vilivyonisinzisha mchana kama mlinzi wa usiku, maumivu yakaondoka. Diski iliyotoka mara nyingi husinyaa yenyewe. Ila niwaambie: kabla ya hapo kinyozi alikuwa akimaliza kunikanda ananipindisha shingo mpaka ilie kach! Nilikuwa naona raha. Mtaalamu wa fizio alivyosikia alinigombeza kama mtoto.

SafariYaChennai:
Diski bandia ninayo tangu 2021. Uzuri wake kiungo kinaendelea kucheza, hivyo pingili za jirani hazibebeshwi kazi ya mwenzao. Si kitu cha majaribio, Marekani waliidhinisha ya kwanza 2007. Lakini haimfai kila mtu. Mifupa iwe imara, na viungo vidogo vya nyuma ya pingili visiwe vimechakaa; jamaa wa kitanda cha jirani alisafiri na pesa zote mkononi, akaambiwa yeye ni wa kuungwa tu. Bima yangu haikulipa hata senti, tukauza kiwanja. Na ukiungwa, sigara weka chini kabisa, mfupa hushika kwa shida kwa mvutaji.

MamaTatu:
Kiwanja! Haya, mimi na chuma changu tunaelewana.

NesiMstaafu:
Nyote mnalinganisha maumivu. Mimi nimekwama kwenye sindano na vifungo. Ndugu Fundi, neva ikibanwa pale inapotoka kwenye uti, inauma sana, lakini wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu. Uti wa mgongo wenyewe, ile kamba kuu ya neva inayopita ndani ya pingili, ukibanwa ni habari nyingine. Mara nyingi hauumi hata kidogo. Mikono inakuwa mizito kwa kazi ndogondogo, miguu inakosa uhakika. Hapo upasuaji unafanywa ili hali isizidi kuharibika, na kilichokwisha kupotea huenda kisirudi chote. Sasa nijibu. Mkono wa kushoto ukoje? Haja ndogo unaizuia vizuri? Na simama utembee mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, mtu akiwa karibu.

FundiSuti:
Shikamoo mama. Haja iko sawa. Kushoto ganzi imeanza, nilidhani nalalia mkono. Nimejaribu hapa uani, hatua ya nne nikashika ukuta, mke wangu akafikiri natania. Haya ya sindano daktari sikumwambia hata mmoja. Waliniuliza maumivu, nikawajibu maumivu.

DerevaMstaafu:
Mkuu, basi yangu na yako hazifanani. Futa ushauri wangu.

FundiSuti:
Fizio nina miadi Alhamisi. Niende kwanza?

NesiMstaafu:
Marahaba mwanangu. Alhamisi ni mbali. Kesho asubuhi rudi kwa daktari wa upasuaji, beba picha zenyewe za MRI, siyo karatasi ya majibu peke yake. Anza na sindano, vifungo na ule ukuta. Bega mwambie mwisho. Diski gani iwekwe mtaamua mkiwa mmekaa naye. Mkono ukizidi kulegea usiku huu, au haja ikigoma, usingoje kuche. Na shingo hiyo asiiguse kinyozi.